Njiwa Waliorudi Bila Sisi

Juzi mjukuu wangu wa kike kaja na njiwa wawili kwenye boksi, kawanunua Buseresere. Shikamoo hajaimaliza, mkono uko kwenye kamba awafungulie. Nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia. Mjukuu akashangaa, "Bibi, si njiwa tu hawa?"

Njiwa tu! Hebu kaa nikwambie na wewe.

Kwetu Shinyanga, jirani na Kolandoto, baba alifuga njiwa wa kupinduka. Pale kijijini tulikuwa nao sisi peke yetu. Anapanda juu kabisa, mara anajipindua kinyumenyume mara tatu, mara nne, anaporomoka kama nguo iliyochomoka kambani, kisha anajishika na kwenda zake. Bibi, mama yake baba, akianika michembe ya viazi alikuwa anainua uso: "Huyu naye leo kanywa pombe ya nani?" Mtama niliwapa mimi. Walinitulia kichwani, na hakuna mtoto mwingine waliyemtulia.

Baba akapata kazi mgodini Geita. Lori likatubeba baba, mama, mimi na njiwa sita ndani ya tenga. Bibi alikataa kupanda. "Nendeni, mtarudi. Mimi nalinda mji."

Baba alinionya nisiwafungulie mpaka watage na kuangua kule, maana njiwa anapahesabu kwao pale alipolea watoto. Nilimsikia vizuri. Lakini mitambo ya kusaga mawe ilinguruma kutwa kucha, tenga likitetemeka, njiwa wakaacha kula. Nikaona watanifia mikononi. Siku ya tisa, baba yuko kazini, nikafungua. Nilijua watanitulia kichwani.

Wakapanda. Wakazunguka mara mbili juu ya mabati ya kambi, na hakuna hata mmoja aliyejipindua. Wakashika upande jua linakotokea. Niliita, nikawarushia mtama juu, ukanirudia usoni.

Baba hakunipiga. Alisema tu, "Wa kupinduka hao, hawafiki mbali."

Wanne walifika. Tulikuja kuambiwa baada ya mavuno, na jirani wa kwetu aliyekuja kutafuta kazi. Bibi alipowaona juu ya paa alipiga vigelegele kijiji kizima kikasikia. "Wamekuja! Njiwa wametangulia, wenyewe wako njiani!" Akafagia uwanja, akasonga ugali wa watu wanne, akachinja jogoo, akakaa kando ya barabara mpaka giza. Kesho yake akafagia tena. Watu wakamwambia, "Mama, hao wametoroka tu." Akawajibu, "Wajinga ninyi. Njiwa wa mjukuu wangu hawawezi kumwacha."

Alikuwa akijivunia mimi. Hapo ndipo panaponiuma.

Baba aliomba ruhusa kazini, akaambiwa subiri. Tukasubiri. Tulipofika, bibi ana siku tano kaburini. Ndani, sahani nne zimepangwa mkekani, zimefunikwa ungo. Nikatoka nje, na wale njiwa wakashuka kutoka paani wakanitulia kichwani, kama kawaida yao. Nilisimama hivyo hivyo. Ningewafanya nini?

Mji ule sasa ni shamba la pamba la watu nisiowajua. Njiwa wa kupinduka sijawaona tena miaka mingi. Hawa wa mjukuu wangu wanajigonga ndani ya boksi tangu juzi, nawasikia hapa nilipo. Kamba nimeikalia mimi.