Kiraka cha Boda kwenye Bawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika uwanja mdogo wa ndege wa Kasese, nilipewa ndoo, kitambaa na tusi. Ilikuwa likizo, nimetoka kwetu Bwera. Mkuu wa Mizigo na Usafi, mwanajeshi wa zamani aliyetaka hata mbuzi wamwite Afande, alinionyesha ndege ya mapangaboi mawili. "Futa. Usifikiri."

Nikafuta, nikafikiri. Ukingo wa mbele wa kila bawa ulikuwa umevishwa mpira mweusi. Kapteni, mama mmoja mpole, alinieleza kwamba ndani ya mawingu ya milima ya Rwenzori barafu hushika bawa. Mpira hujazwa hewa, huvimba, barafu huvunjika.

"Isipovunjika?"

"Bawa linaharibika umbo, linaacha kubeba. Ukiwa umeiachia mashine iongoze, inapambana kimya kimya, halafu inakurudishia usukani ndege ikishapinduka."

Vijana wenzangu, hayo hayafundishwi darasani kwetu.

Asubuhi moja nikakuta mpira wa bawa la kushoto umechanika. Nikamwambia Afande. Akanituma stendi ya boda nilete kiraka cha tyubu na gundi.

"Afande, hii si pikipiki."

"Barafu Kasese umeiona wapi, nje ya soda? Songa."

Nilisonga, ila kwa Kapteni. Akawasha injini, akajaza mipira hewa. Wa kulia ukavimba. Wa kushoto ukalala kama chapati ya jana. Akazima.

Abiria wetu, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, mwenye vitenge vyake tayari ndani, akanigeukia kutoka mlangoni mwa ndege. "Mutoto huyu iko nani, asimamishe ndege? Bidhaa yangu inangoyewa kule."

"Mawingu nayo yanakungoja, baba," Kapteni akamjibu. "Shuka."

Afande akaninyang'anya ndoo. "Umestaafu. Leo."

"Na kiinua mgongo, Afande?"

Akanionyesha geti kwa kidole.

Kwa hiyo ninawaandikia nikiwa mstaafu wa miaka kumi na saba, ambaye shuleni bado ninarudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele ndefu. Shangazi yangu wa Karambi anasema ningefunga mdomo ningekuwa bado na kazi. Ni kweli. Ningekuwa nimebeba kiraka, na yule mzee wa vitenge angepaa nacho hadi mawinguni. Likizo ijayo nitarudi kuidai ndoo yangu, na nikiona mpira umechanika nitasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Mawingu yakifunguka, dirisha la darasa letu linaonyesha barafu kule juu Rwenzori, nyeupe, haina haraka. Afande, dawati lililo jirani na langu ni tupu. Njoo ukae, uangalie.