Mfipa wa Kwenye Gemu

Kwenye gemu ile, kila raia anapozaliwa anakabidhiwa na Serikali ya Nyota maoni yake mwenyewe, yamefungwa ndani ya bahasha, na kuifungua bahasha ni kosa la jinai. Hayo anayasema mwanamke mwenye tabasamu pana kabla vita havijaanza. Siku ya kwanza kuyasoma pale kibandani nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka kunitazama. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nayasoma na kumnong'oneza mwenye kibanda, naye anayatangaza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba.

Kibanda kiko Mpanda mjini, nyuma ya maduka ya pembejeo, hatua chache tu kutoka duka ninalomwuzia mzee mmoja wa Kiislamu, mpole, ambaye Jumapili hufungua nusu mlango tu. Ndani kuna mabenchi, feni isiyozunguka na runinga kubwa ukutani. Mwenye kibanda ni Msukuma. Baba yake ana ng'ombe upande wa Mamba, na yeye alipochoka kuwafuata ng'ombe akaja mjini kufuata gemu. Watu walijaa pale kama wanavyojaa kutazama mpira, na wengi hawakushika padi ya kuchezea hata siku moja. Walikuja kusikiliza mdomo wake.

Mwanzoni alidhani wema wa ile Serikali ya Nyota ni wa kweli. Alikuwa anaishangilia. Ilibidi nimweleze kwamba waliotengeneza gemu wanaicheka serikali hiyo hiyo wanayokupa uipiganie. Mwanajeshi wake akipigwa risasi, kabla hajakata roho, kofia ya chuma inamwuliza: umefurahia vita vyetu? Bonyeza nyota moja mpaka tano. Alipoelewa aliinama akajipiga gotini kwa kiganja, akasema kumbe huu ni utani. Na utani, hakuna haja ya kumfundisha Msukuma.

Basi akagawa makabila. Maadui wa Serikali ya Nyota ni wa aina tatu. Kuna wanyama wakubwa wenye magamba, wanaohama sayari moja kwenda nyingine wakila majani. Serikali inawaita wavamizi, ingawa ukitazama vizuri unaona ni mji wa Serikali uliojengwa juzi katikati ya malisho yao. Hao akasema ni Wasukuma, ndugu zake, na akawasikitikia kwa sauti kila alipowalipua. Kuna mashine za kubeba mizigo zilizotupwa jalalani baada ya kuchoka, zikaasi, lakini adabu hazijaisahau: zinakumiminia risasi huku zinauliza, karibu mteja, nikusaidie nini? Hao Wanyamwezi, akasema, maana nani mwingine amebeba mizigo ya watu tangu enzi za misafara. Halafu kuna watu wa ukungu, wasioonekana, wanaokaa milimani na kuteremsha radi juu ya kichwa cha yeyote waliyemchukia. Hapo alinigeukia mimi tu, na kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko.

Kwa sababu mimi nilikuwa Mfipa.

Nieleze ilivyokuwa. Nilisoma sekondari Sumbawanga. Siku za mwanzo pale kibandani nililitaja hilo, yeye akadakia, 'Kumbe Mfipa! Jamani sogeeni, tutapigwa radi.' Mimi nikacheka. Hilo ndilo jibu nililotoa, kicheko, na kikatosha. Toka siku hiyo hakunipa mkono bila kujifanya umeungua. Akinunua soda alininyima ya kwangu, anasema mchawi hanywi soda, anakunywa usiku. Nami nikamwambia afunge kamba ng'ombe wake kabla hajaingia kwenye mashamba ya watu. Nilipofiwa na rafiki tuliyesoma naye, alikuja msibani akajilaza njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, akasema Mfipa halii, ni yeye kaua. Alinigusa kuliko waliokuja na pole na vitambaa vya machozi.

Hapa kwetu mtu asiyetaniwa na yeyote ni kama mtu asiye na jirani. Wasukuma wana watani wao, Wafipa wana wao, hata Wakonongo na Wabende utawasikia wakitukanana sokoni kwa furaha. Sisi hatukuwa na mtani. Babu zangu walivuka kutoka Burundi na mafurushi kichwani. Wazazi wangu wanalima tumbaku na mahindi Litapunga, uraia walishapewa, na kanisani wanaimba Kiswahili. Lakini neno Mrundi nimelisikia kwa namna mbili tu maishani, kwa kunong'onwa au kwa hasira. Sikuwahi kulisikia likisemwa na mtu anayecheka nami.

Najua methali mnayonisubiria. Mkataa kwao ni mtumwa. Niliiandikia insha hapo hapo Sumbawanga nikapata alama nzuri.

Jumapili moja mchana baba yangu alikuja mjini kuchukua mbolea niliyomwekea dukani. Tulikubaliana anisubiri kwenye kivuli cha duka baada ya ibada. Lakini siku hiyo kibandani tulikuwa tumeifikia sayari mpya, nikasema dakika mbili tatu, na dakika za gemu kila mtu anazijua. Baba akachoka kusimama. Akamwuliza bosi wangu, bosi akamwonyesha kwa kidole.

Nilimsikia kabla sijamwona. 'Mwiriwe,' alisema mlangoni, salamu ya Kirundi ya mchana, kwa sauti ile ile anayoitumia kuingia kanisani. Niliomba, na hili nalisema kwa aibu, niliomba Mungu asiongee tena.

'Karibu mzee, shikamoo,' alisema mwenye kibanda, hakuwa ameisikia vizuri ile salamu kwa milio ya mabomu. Watu wakasogea. Baba akakaa pembeni yangu, akavua kofia, akaiweka kwenye goti. Nilisema, 'Twende, mzee, mbolea ipo tayari.' Mzee. Nyumbani tunamwita Data, yaani baba, na sijawahi kumwita vingine.

'Tulia,' alisema. 'Hii ni vita gani?'

Mwenye kibanda hajapata kuiacha nafasi ya kueleza. Akamwelezea Serikali ya Nyota, bahasha, kofia inayoomba nyota. Akamwonyesha wanyama wenye magamba. 'Hawa ni sisi Wasukuma, mzee, tunakula majani ya watu. Zile mashine Wanyamwezi. Na hawa wa radi ndo ndugu zako nyie. Huyu kijana wako ametuchosha huyu.'

'Ndugu zangu nani?'

'Wafipa.'

Baba alinitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama kama mtu anayeuliza njia. Mimi nikatazama kiatu changu, chenye vumbi jekundu mpaka kwenye kamba.

'Mfipa mimi?' alisema, kisha akacheka, kicheko chake cha wazi, kinachoonyesha mapengo. 'Sisi Warundi, bwana. Warundi wa Ritapunga.' Ndivyo anavyoitamka, kwa ile r yake, na kwa mara ya kwanza mabenchi yote yaliisikia.

Hakuna aliyecheka. Ilisikika mashine moja tu kwenye runinga, inauliza, nikusaidie nini? Niliwaza wanavyokumbuka utani wote tulioupiga, ile soda, lile jeneza, na kila kimoja wanakigeuza upande wa pili kukikagua.

'Sasa kwenye hii vita,' baba akaendelea, hakuna alichokiona, au alikiona akakiruka, 'sisi ni wapi?'

Mwenye kibanda aliweka padi chini. Mdomo ule uliogawa makabila yote ya mkoa ukaanza kuchagua maneno. 'Nyie mzee hapana,' alisema taratibu, kwa heshima kamili. 'Nyie hatuwezi kuwaweka. Nyie ni wageni wetu.'

Alikuwa anasema hivyo kwa wema. Nalijua hilo. Na bado ningependelea atutukane.

'Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,' alisema baba. 'Mimi jembe nilipewa zamani. Nikalivunja. Nikanunua lingine, nalo limeisha.' Akanyoosha kidole kwenye runinga, pembeni kabisa, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepatazama miezi yote hiyo na kunyamaza. 'Wale je?'

Kwenye gemu ile, kwenye kila kituo cha vyombo vya anga, kuna watu waliosimama ukutani na mizigo. Hawana silaha. Juu yao kuna bango la Serikali: Karibuni, Mtaandikishwa Kesho. Ukiwapiga risasi hupati kitu, ukiwaokoa hupati kitu. Mwenye kibanda hakuwahi kuwatangaza kwa sababu mimi sikuwahi kumsomea lile bango.

'Wale ni mapambo tu, mzee,' alisema mtu mmoja benchi la nyuma.

'Mapambo,' alisema baba. 'Mapambo yenye mafurushi. Basi ni sisi hao. Tuwekeni hapo.' Kisha akauliza kama ile padi inauma.

Walimpa padi ya pili. Alimpokea mwanajeshi wa Serikali ya Nyota kwa mikono miwili kama anayepokea sahani, akabonyeza kila kilichobonyezeka, na risasi zake zote zikaishia mgongoni mwa mwanajeshi wa mwenye kibanda, aliyekuwa upande wake. Mwenye kibanda akaanguka pale kwenye vumbi la sayari. Kofia yake ikauliza kama amefurahia vita. Kwa kuwa mwenye kibanda alikuwa ameiweka padi yake chini, baba akaifikia akabonyeza nyota moja.

Kila mtu akamtazama Msukuma.

'Jamani,' alisema polepole, 'huyu Mrundi kaniua, na bado ananinyima nyota?'

Nililisikia lile neno likitua. Mabega yangu yalipanda yenyewe, yakingoja kipigo. Baba akamgeukia. 'Ng'ombe wako wamekura mahindi yangu mwaka mzima,' alisema. 'Unadai nyota?'

Sijui nani alianza kucheka. Najua mwenye kibanda alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, na baba alikuwa anafuta machozi kwa ile kofia, na watu wa benchi la nyuma walikuwa wanadai Warundi wapewe sayari yao, yenye tumbaku. Mtu mmoja tu hakucheka. Nilijaribu, mdomo ukagoma. Nilikuwa nimemwonea baba yangu haya nusu saa nzima, mbele ya watu ambao sasa walikuwa wanagombania kukaa karibu naye, na sikuwa na mahali pa kuiweka hiyo haya isipokuwa pale pale nilipokaa.

Tulipokuwa tunafunga mbolea kwenye bodaboda, aliniuliza bila kunitazama. 'Uliwaambia sisi Wafipa?'

'Sikuwaambia, Data. Walisema wenyewe.'

'Na wewe ukasemaje?'

'Nilicheka.'

Alivuta kamba, akakaza fundo, akalijaribu. 'Wafipa watu wazuri,' alisema. Kisha akamwambia dereva waondoke kabla mvua haijashika, wakaondoka. Nilisimama pale mpaka jirani wa duka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda kibandani. Nilijiandaa kwa kila aina ya tusi. Nilipanga hata majibu. Nitasema mimi ni Mrundi aliyesomea radi Sumbawanga, mwende mkaulize. Nilidhani hilo lingechekesha. Nilipokwenda, walinipokea vizuri, wakanipisha kwenye benchi, na mwenye kibanda akaniuliza habari za kazi. Nilisoma Kiingereza, akatangaza. Alipofika kwa watu wa radi alikohoa, akapita.

Baba sasa akija mjini haanzii dukani. Anapitia kibandani kwanza, na kelele zinazotoka humo nazisikia nikiwa kwenye kaunta, Mrundi huyo, ficheni padi, Msukuma we, funga ng'ombe wako. Ananyimwa soda kila mara, na kila mara anainywa ya mwenye kibanda. Kwenye gemu wamempa ukuta wake na mafurushi yake, na mwenye kibanda akipita kwenye kituo anapunguza mwendo na kuwasalimia wale watu wa ukutani kwa Kirundi kibovu.

Mimi na mwenye kibanda tunaelewana. Ananiita kaka. Ananinunulia soda bila kuombwa, anaifungua, ananipa kwa mkono wa kulia, na hanitanii.