Mwano wa Hosiana

Mpini wa shoka ulimpata Hosiana juu ya sikio, na aliyempiga alikuwa shemeji yake mwenyewe, Nkwabi, mdogo wa marehemu mumewe, mtu aliyekunywa uji nyumbani kwake asubuhi ile ile.

"Nimekwambia shika njia yako, shemeji!" Nkwabi alifoka. "Umekuwa polisi wa majani?"

Hosiana alianguka kwa magoti. Damu ilimwingia jicho la kushoto. Kwa jicho lililobaki aliiona migunga imelala chini, imeshachongwa matawi, mirefu na iliyonyooka, vile vile wanavyoitaka wachimbaji wa Mwakitolyo. Wenyewe huita matimba, magogo ya kushikilia kuta za maduara yao, mashimo ya dhahabu, yasiwafukie. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika.

Ilikuwa mwezi wa saba, na ngitili ilikuwa imefungwa. Kwa asiye wa huku, ngitili ni malisho yanayowekewa akiba. Mvua zikianza yanafungwa, haingii ng'ombe wala shoka, mpaka kiangazi kikikaza ndipo yanafunguliwa, na wanaotangulia kuingia ni maksai wa kulimia na ndama. Wazee walikuwa nazo, kisha zikakatwa zote, upande ule wa Tinde ukabaki vumbi. Halafu mvua nazo zikageuka. Zikawa zinachelewa, zinakuja kwa hasira ya siku moja, zinabeba udongo, kisha zinaondoka mtama haujatoa suke. Mwaka ambao maksai walikufa wakiwa kwenye nira, Hosiana na binti yake Noela walijifunga kamba begani wakakokota plau wenyewe. Kovu la kamba ile analo hadi leo.

Ndipo kijiji kikakaa, kikakubaliana kukifunga tena kilima hiki kiwe ngitili. Hawakupanda hata mti mmoja. Walifunga tu, wakalinda, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Hosiana husema ile ndiyo namna ya Mungu kusamehe, hana kelele. Walipotafuta mlinzi wa upande wa mashariki, wanawake walimtaja yeye. Wanaume walicheka kidogo, kisha wakakubali.

Sasa alikuwa amepiga magoti ndani ya ngitili hiyo, na Nkwabi amerudia mti mwingine, anaupiga shoka kana kwamba Hosiana hayupo. Vipande vya mti vilimrukia usoni.

"Nkwabi, acha. Maksai wako nao watakula wapi?"

"Nitanunua pikipiki, niachane na hao maksai."

"Nitaita."

"Ita! Umwitie shemeji yako watu wamuue, tukuone Jumapili unavyoimba kanisani."

Hapo ndipo palipouma. Mwano ni yowe la hatari. Ukiusikia huulizi. Unachukua ulicho nacho, fimbo, panga au upinde, unakimbilia kule unakotoka. Asiyeitikia hutozwa faini, na akizoea hutengwa, hapewi moto wala maji. Hosiana alijua wakija hawaji na maneno. Akasema moyoni, Bwana, nifanyeje? Shoka likapiga tena, mgunga ukalia, ukaanguka.

Akaita.

Sauti ilitoka tumboni, nyembamba na ndefu, ikapanda kilima. Nkwabi alimrukia akampiga teke la mbavu, sauti ikakatika, lakini mji wa kwanza, kaya iliyo karibu, ulikuwa umeshaupokea mwano. Mji wa pili ukaupokea, na wa tatu, mpaka bonde zima likawa linalia.

Nkwabi alitazama huku na huku. Kisha akafanya jambo ambalo Hosiana hakulitegemea. Alitabasamu, akalitupa shoka kwenye majani marefu, akaokota fimbo, akatimka kwenda kule walikokuwa wanatokea watu, naye anapiga yowe kuliko wote.

Hosiana alitambaa, akasimama kwa kushika shina, akaanguka, akasimama tena. Alipofika mgongoni mwa kilima alisikia mlio anaoujua tangu utoto, wa wanawake wanaopura mtama. Lakini Julai ile mtama ulikuwa umeshapurwa.

Walikuwa wamezunguka mtu. Kijana, nguo zake nyeupe kwa vumbi la duarani, panga lake limekanyagwa kando. Jina lake, kama walivyokuja kujua baadaye, ni Enock, mzaliwa wa Maswa, mchimbaji wa Mwakitolyo, aliyekuwa anapita kwa miguu kwenda Tinde. Alisikia mwano, na kwao alifundishwa kama walivyofundishwa hawa, kwamba ukiitwa unakwenda, na huendi mikono mitupu. Akachomoa panga akakimbilia ngitilini. Watu wakaona mchimbaji mwenye panga ndani ya ngitili iliyofungwa.

Nkwabi ndiye aliyepaza sauti kwanza: "Huyu hapa! Mwizi wa matimba!" Na ndiye aliyepiga kwanza.

"Dhahabu haiwatoshi, mmefuata na miti yetu?"

"Mlaze! Akalale duarani kwake!"

"Nimekuja kwa mwano!" Enock alilia kwa Kisukuma, meno yake yakiwa tayari kwenye mchanga. "Jamani, nimeitwa! Nimeitwa!"

"Umeitwa na shetani," mmoja akajibu, na wengine wakacheka huku wanapiga. Fimbo ikashuka juu ya jicho. Pale palipokuwa na jicho pakawa na kitu kingine, na Hosiana aliyekuwa akijipenyeza kati ya migongo alikiona.

"Mwacheni! Siye!"

Sauti ilikuwa ndogo, mbavu zilikataa pumzi. Mzee Maduhu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alimwona, akaiona damu kuanzia sikioni hadi kifuani, akapaza sauti kwa hasira.

"Tazameni alivyomfanya Mama Noela!"

Ikawa balaa. Damu yake ndiyo iliyowapa nguvu upya. Kila aliyegeuka akamtazama aligeuka tena na kupiga zaidi. Mwanamke mmoja alimvuta pembeni kwa upole: "Kaa, mayu, mama yetu, kaa. Tunakulipizia kisasi." Nkwabi alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili, na yule kijana halii tena, anakoroma tu.

Hosiana hakuwa na nguvu ya kuzuia hata mkono mmoja. Alikuwa na kitu kimoja tu. Akafumba macho, akashika mbavu zake, akaita mwano mara ya pili, pale pale katikati yao.

Vichwa vyote viliinuka. Mtu aliyelelewa huku hawezi kusikia sauti ile akaendelea na alichokuwa anafanya. Mwili wenyewe unakataa. Fimbo zikabaki hewani. Hata Nkwabi alisimama na jiwe lake.

"Mama Noela," Maduhu akasema akihema, "tumeshafika. Unamwita nani tena?"

"Nawaita nyie. Mnamuua mtu aliyekuja kunisaidia." Akanyoosha kidole. "Aliyenipiga ni huyu. Nkwabi."

"Amepigwa kichwani huyo," Nkwabi akasema upesi. "Shemeji, pole, hujui unalosema."

"Shoka lake liko kwenye majani, chini ya mgunga wa mwisho ulioanguka. Mpini umefungwa ngozi ya mbuzi. Nimeufunga mimi, ulipopasuka."

Vijana wawili walikwenda mbio. Waliporudi nalo, mpini ulikuwa na ngozi ya mbuzi. Kisha wote wakasema pamoja, kwa fimbo. Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa bega la Nkwabi, na mlio wake ulisikika. Akaanguka juu ya jiwe lake mwenyewe.

Sitamsingizia Hosiana utakatifu. Alihesabu moyoni teke lile la mbavu, na kwa kitambo kidogo aliwaacha wapige. Kisha akaita mara ya tatu.

"Nitaita mpaka sauti ikatike!" akasema akilia. "Na kila nikiita mtaacha! Huyu anakufa hapa, na nyie mnatafuta mwingine wa kuua?"

Maduhu alishusha fimbo yake kwanza. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka usingizini.

Walichukua magogo mawili katika yale aliyokata Nkwabi, wakafunga vitenge vya wanawake katikati, wakamlaza Enock. Hosiana akasema Nkwabi ashike mbele, kwa bega lililobaki zima. Hakuna aliyepinga. Alibeba hadi barabara kuu ya Tinde, analia kwa maumivu kila hatua, na damu ya Enock inadondoka kwenye visigino vyake.

Kutoka pale gari lilimpeleka hospitali ya mjini; Enock alipona, jicho halikupona. Hosiana alikaa kwa ndugu zake Ngokolo, mjini huko, akawa anampelekea uji wodini. Siku alipoweza kusema aliuliza:

"Mama, ndiwe uliyeita?"

"Ndimi, mwanangu."

"Nikisikia tena sitakwenda."

Hosiana alimfuta uji mdomoni.

Mkutano wa kijiji uliamua kwamba tangu siku ile mwano ukipigwa watu waje mbio kama zamani, lakini asipigwe mtu mpaka aliyeita afike na aseme. Nkwabi alitengwa kwa msimu mzima, akatozwa mtamba kuwa fidia ya Enock. Kiangazi kilipokaza ngitili ikafunguliwa, nyasi zikiwa bado zinagusa matumbo ya maksai, wakati nje ya mpaka hapakuwa na kitu zaidi ya mavi makavu. Mvua zilichelewa tena. Zilipokuja, kila mji ulikuwa na maksai wa kufunga nira.

Yule mtamba ameshazaa. Enock hajaja kumchukua, ingawa ametumiwa salamu. Hosiana anamchunga pamoja na wake, upande ule ule wa mashariki, na kila akiona mtu anatokea njia ya Mwakitolyo husimama, akamkazia macho usoni aone kama ana jicho moja, mpaka apite.