Ng'ombe Aliyepotea Ndani ya Spika

Mwanangu, ipo siku moja ya miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Mama yako asisikie.

Nilikuwa fundi redio hapa Singida Mjini, kijana mwenye maringo. Daktari Masima alirudi kutoka masomoni ng'ambo na spika mbili za mbao, zinanifika kifuani, kila moja inabebwa na watu wawili. Amplifaya, mashine ya kuzipa spika nguvu, hakuwa nayo, akaniita mimi. Baba yake, Mzee Ndahani, alikuwa amepofuka, akahamishwa kutoka kijijini Kintinku kuja kukaa na mwanawe, na tangu aje hali chakula vizuri wala haongei. Anawawaza ng'ombe wake. Basi daktari akaenda kijijini, akarekodi kwenye kaseti kengele zao wakirudi zizini.

Nikafunga amplifaya yangu ndogo. Nyuma ya spika paliandikwa wati zinazohitajika, lakini nisome nini na mimi ndiye fundi? Nikaweka kwanza muziki wa dansi, nikafungulia mpaka mwisho. Sauti ikakwaruza, nami nikasema ndiyo raha yenyewe. Majirani walijaa dirishani, kichwa kikanivimba.

Kisha tukaweka kengele. Mzee akainua uso, akaanza kuwataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa kengele zao: Madoa, Mwekundu, yule mama mzee anayechechemea. Halafu akageuza sikio huku na huku.

"Tausi yuko wapi?"

"Yumo, baba."

"Hayumo. Mmemuuza, mnanificha kwa kuwa sioni."

Machozi yakamtoka. Daktari aliapa, lakini mzee alishageukia ukutani.

Nikainama, nikatega sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba. Kimya. Ya pili nayo kimya. Amplifaya ndogo ukiilazimisha hutoa sauti iliyovurugika, na hiyo ndiyo inayounguza twita. Kengele ya Tausi ilikuwa nyembamba kuliko zote, ndiyo maana haikusikika. Ningeweza kunyamaza, maana nani angejua? Lakini mgongo wa yule mzee ulinishinda. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, babu. Mwanao hajakudanganya. Ni mimi nimeziunguza spika zinazotoa kengele ya Tausi."

"Basi nitafutie ng'ombe wangu," akasema.

Twita mpya zilichukua majuma kufika kutoka Dar. Safari hii nilisoma kila kilichoandikwa, nikaazima amplifaya yenye nguvu za kutosha, nikaifungulia kidogo tu. Mwanangu, mpaka leo mwili unanisisimka. Ukuta wa sebule ulikuwa kama umeondolewa. Tulisikia kwato, tukasikia pumzi za ng'ombe, nusura nipige chafya kwa vumbi. Halafu kwa mbali, upande wa kushoto, ikaja kengele nyembamba. Mzee akasimama, mikono mbele, akapiga mluzi wa kumwita. Kisha akamtafuta mwanawe kwa vidole, akampapasa uso, akamwambia, "Nilikudhania vibaya." Daktari mzima alilia mbele yetu.

Nakuusia basi: kisome chombo kabla hujakigusa, wala usikisifu kwa kelele zake. Mtu akikwambia kuna kitu kinakosekana, usikimbilie kujitetea, inama usikilize. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, maana kwa kimya chako baba anaweza kufa akiamini mwanawe ni mwongo. Mungu akulindie masikio yako, mwanangu, na ulimi wako aupe ujasiri.