Sindano Iliyongoja Idi

Mjini Wete, ukiona kofia ya mkono ambayo vitobo vyake vimezungushiwa uzi hata huoni pa kutia ukucha, huna haja ya kuuliza imetoka kwa nani. Imetoka mtaa wa Jadida, kwa Bi Mwanamize. Basi ugonjwa wa viungo ulipomvaa, vidole vikavimba akawa hawezi hata kufunga kishikizo, aliichomeka sindano kwenye kofia aliyoifikisha nusu, akaikunja na kuitia kabatini. Siku ile alilia, wala hakumficha mtu.

Dawa za kawaida zilijaribiwa moja baada ya nyingine, zikashindwa. Ikabaki ya kudungwa kila baada ya wiki mbili, dawa ambayo ukitajiwa bei yake unaomba urudiwe. Bahati nzuri mwanawe, Suhail, ni mwalimu wa skuli, na alikuwa amemwandikisha mama yake kwenye bima. Lakini bima nayo ina mambo yake. Kwanza ilitaka ushahidi kwamba dawa rahisi zimeshindwa. Kisha ikamtaka daktari bingwa aeleze ni vidole gani vilivyovimba. Kisha likakaa jopo huko Unguja, watu wasiopata kumwona hata kivuli chake, ndipo kibali kikatoka. Dawa ikawa inavushwa kutoka Unguja ndani ya kisanduku cha baridi, na Bi Mwanamize anakwenda spitali mchana, maana usiku hawadungi, muuguzi anamdunga. Kujidunga mwenyewe nyumbani alikataa katakata.

Dawa ikakubali. Vidole vikanywea, kofia ikatoka kabatini. Halafu Ramadhani ikaingia.

Ramadhani zilizopita alizila kwa ugonjwa, akitafuna mkate jikoni kwa kujificha kama mwizi. Hii ndiyo aliyoweza kufunga, na furaha yake haikuwa na kifani. Suhail alimwambia mashehe wengi wanasema sindano ya dawa haifunguzi saumu.

"Wengi si wote, mwanangu," alijibu. "Funga nimeipata kwa tabu, siitii shaka."

Akaacha kwenda kudungwa mpaka Idi ipite. Tena moyoni alijiona amewafanyia hisani wenye bima. Dawa ghali namna ile, kuwabakishia si jambo dogo. Kwa hakika alitarajia ahsante.

Idi ilipokwisha akavaa buibui lake jipya, akaenda spitali na Suhail. Dirishani alikuwepo Haitham, kijana mtoa dawa, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kwa sindano yangu."

Haitham akabonyeza kompyuta, akakunja uso, akabonyeza tena. "Bi Mkubwa, kibali kimefungwa. Mfumo unasema umeacha dawa."

"Sikuacha. Nalifunga."

"Najua. Hata miye nalifunga. Lakini humu mna pahala pa kuandika anatumia na pahala pa kuandika ameacha. Pa Ramadhani hamna."

"Na zile nilizokubakishieni?"

"Zimerejeshwa Unguja." Alisema akitazama chini, maana aliona haya. "Itabidi tuanze upya. Daktari bingwa yupo leo, mwone akuandikie."

Daktari akaishika mikono ya Bi Mwanamize, akabonyeza kifundo kimoja kimoja, akakunja na kukunjua. Kisha akashusha pumzi.

"Dawa bado imo mwilini. Sioni kidole kilichovimba."

"Alhamdulillahi."

"Ndiyo tabu yenyewe, mama. Dawa ikimalizika mwilini vitavimba. Na bima inataka niandike vilivyovimba."

Bi Mwanamize akamtazama Suhail, akarudi kumtazama daktari. "Basi nipeni sasa, visivimbe."

"Hawatoi mpaka vivimbe."

"Yaani niugue kwanza, ndipo nipewe dawa ya kunizuia nisiugue?"

Daktari akaiweka kalamu chini. "Vikianza tu kuvimba, uje siku hiyo hiyo," alisema.

Njiani Suhail alijaribu kumfafanulia. Anafundisha hesabu, na kueleza ndiyo kazi yake. Alianza vizuri, akafika katikati, akapotea mwenyewe. Bi Mwanamize hakumkasirikia. Alikuwa akijiuliza kosa lake hasa ni lipi, kufunga au kupona, na kila akilikamata jibu lilimponyoka.

Tangu siku ile, kila alfajiri akishasali hubaki kwenye mswala akaijaribu mikono. Hukunja ngumi, na ngumi hukunjika. Moyo hufurahi, kisha hukumbuka, furaha ikaingia hofu.

Leo aliiinua mikono yake mizima kuomba dua. Aombe vidole visivimbe, akae bila dawa? Au aombe vivimbe? Nani amwombaye Mungu maradhi? Mikono ikabaki juu mpaka ikachoka. Akaishusha, akaivuta ile kofia, akaanza kushona kwa haraka, kabla dua yoyote haijajibiwa.