Kipande Alichonipa Mzee Kondo

Harufu ya mshumaa ukiyeyuka juu ya chuma cha moto hunipandisha hasira hadi leo. Wengine huwakumbusha umeme kukatika. Mimi hunirudisha mtaa wa Gerezani, kwenye kibanda cha fundi wa pikipiki, nina miaka tisa, nimeshikwa mkono na baba kama mwizi wa kuku.

Kosa langu, nyie mnaonisoma, lilikuwa kuvunja bolti mbili za ekzosi ya pikipiki. Ndivyo walivyosema. Baba alikuwa na pikipiki aliyoipenda kuliko viatu vyake, na Idi ile alikuwa ameahidi kunipakia, mimi peke yangu, tuvuke na pantoni pale Magogoni twende kwa bibi Kigamboni. Gauni lilishashonwa. Siku tatu kabla, Mjomba Shomari, kaka yake mama, aliiazima pikipiki, akaona ekzosi inavujisha moshi pale inapoungana na injini, akaamua kuikaza mwenyewe. Nilimwona uani kwa macho yangu haya. Alichomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akasukuma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Ta! Akatukana. Akahamia bolti ya pili. Ta!

Baba aliporudi Mjomba akamwambia kwamba ni mimi niliyekuwa narukaruka juu ya ekzosi. Ushahidi ulikuwepo mguuni kwangu: kovu la kuungua na ekzosi hiyohiyo, kovu ambalo nusu ya watoto wa mtaa wetu pale Kariakoo walikuwa nalo.

"Huyu na ile ekzosi ni chanda na pete," Mjomba alisema, akicheka.

Nikasema si mimi, ni yeye. Mama ndiye aliyenizaba kibao, kwa kumsingizia mtu mzima. Wahenga husema mkubwa ni jalala. Nyumbani kwetu jalala lilikuwa mimi.

Basi baba akanipeleka Gerezani nikaone kazi niliyomtengenezea. Mjomba naye akaja, eti kusaidia kusukuma pikipiki. Fundi alikuwa Mzee Kondo, mtu ambaye hata shikamoo aliiitikia kwa kidevu. Kabla ya kugusa chochote aliomba vile vipande vya nje vilivyokatika, apate kipimo cha bolti mpya. Baba akavitoa mfukoni. Mzee akakifuta kimoja kwa kitambaa, akakitazama mwisho wake kwa muda mrefu. Kisha akatazama mikono ya Mjomba. Kisha miguu yangu, iliyokuwa myembamba kama njiti.

"Nani kavunja?"

"Huyu hapa," baba akasema.

"Watoto wa siku hizi, fundi, miguu yao nondo!" Mjomba akadakia.

Wakacheka. Mzee Kondo naye akacheka kidogo, na cheko lile sijalisamehe.

Ndani ya injini vilibaki visiki viwili, kama meno ya mwisho ya kizee. Mzee alichomelea nati juu ya kila kisiki, chuma kikawa chekundu, akasubiri, akagusisha mshumaa. Nta ikayeyuka ikanywewa kwenye nyuzi za bolti. Halafu akashika spana, na badala ya kulegeza, akakaza kidogo kwanza.

"Legeza basi, fundi," baba akamhimiza.

"Haraka ndiyo iliyokuleta hapa. Chuma kilichoshika kutu hakitaki ubabe. Unakaza kidogo, unalegeza kidogo. Nenda, rudi."

Nenda, rudi, hadi visiki vyote viwili vikatoka salama. Akanawa mikono kwa dizeli, akaniwekea kiganjani kile kipande alichokifuta. "Tunza hiki," akasema. Nilidhani ananibembeleza, kama mtu anayempa pipi mtoto aliyechomwa sindano.

Siku ya Idi nilikaa kibarazani nimevaa gauni langu jipya, nikaitazama pikipiki ikiondoka. Nyuma ya baba, mahali pangu, alikuwa amekaa Mjomba Shomari. Na jina likanibaki: Vunjavunja. Kikombe kikidondoka, Vunjavunja. Redio ikikwama, Vunjavunja. Nilifika hadi kidato cha pili nikiogopa kushika glasi mbele za wageni.

Nilipokua nikawa fundi wa pikipiki, hapohapo Gerezani, labda kwa ubishi tu. Siku moja nikalazimisha bolti yenye kutu kwa spana, ikakatika mkononi. Nikaangalia mwisho wake: chuma kilikuwa kimejizungusha, kama nywele za utosini mwa mtoto mchanga. Bolti iliyokanyagwa haikatiki hivyo. Hupinda, halafu huchanika upande. Nilifunga kazi, nikaenda nyumbani, nikatoa kile kipande kwenye kopo la vifungo. Kilikuwa na mzunguko uleule.

Nilimfuata Mzee Kondo kwake, sasa mzee wa kukaa mkekani. Nikampa shikamoo, nikakiweka mbele yake.

"Ulijua."

"Nilijua, mwanangu. Ndiyo maana nilikupa."

"Ulinipa mimi, mtoto wa miaka tisa! Kwa nini hukumpa baba?"

"Ah. Nimuumbue mtu mzima mbele ya mtoto? Tena shemeji ya mtu?"

Alisema kwa upole, kama mtu aliyelala vizuri miaka yote hiyo akiamini amenitendea wema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile kibandani asiyejua nani kavunja alikuwa baba peke yake. Haki yangu nilikuwa nayo kiganjani, na aliyeweza kuisoma alichagua kunyamaza kwa adabu.

"Na mimi, Mzee, mliniumbua mbele ya nani?"

Alikisukuma kipande kuelekea kwangu kwa kidole.

Nilikichukua kipande changu. Sasa kinakaa juu ya meza yangu ya kazi. Mzazi akiniletea pikipiki huku amemshika mtoto mkono, naomba kwanza vipande vilivyokatika, naviangalia, kisha nasema ninachokiona, kwa sauti, mbele ya mtoto.