Agak, Guyod na Mtaro wa Buluu

Nimerudi Guangzhou, rafiki yangu, na jambo la kwanza nililoliona nilipotoka kwenye treni ya chini ya ardhi pale Sanyuanli lilinitibua roho. Kijana mmoja wa kwetu, kadi ya udalali ikining'inia kifuani, alikuwa amemkamata mama wa Kikongo kwa mkanda wa mkoba wake, anamvuta kuelekea jengo la maduka ya jumla kama mtu anayempeleka mbuzi machinjioni. Mama anajikwaa, kijana hageuki. Macho yake yako kwenye simu, na simu nayo inamwambia akate kushoto. "Twende, mama, twende, laobani anafunga," akawa anarudia. Laobani ni mwenye duka, na sijawahi kumwona laobani wa mji huu akifunga asubuhi wakati mteja yuko barabarani.

Neno lililonijia mdomoni halikuwa la Kiswahili wala la Kichina. Lilikuwa *guyod*. Nililitamka kama mtu anayetema kipande cha nyama iliyooza.

Nitakueleza nililikotoa. Lakini kwanza ujue anayesema ni nani, usije ukadhani ni kinyongo cha aliyeshindwa. Shahada yangu ya biashara ya kimataifa iko ukutani, ndani ya fremu ya mninga, na ada niliilipa mwenyewe kwa kuuza mikoba ya Shiling, mji wa ngozi hapa jirani, mlango kwa mlango. Hakuna mjomba aliyeniombea kazi. Leo nina ofisi Dar es Salaam, nina watu ninaowalipa mshahara, na makontena yangu yanashuka bandarini bila mimi kumbembeleza mtu. Kwa hiyo ninapomwonea kinyaa dalali, ni kinyaa safi, hakina wivu ndani yake.

Nililetwa mji huu nikiwa msichana wa shule. Baba alikuwa na chumba cha kupokelea mizigo hapa hapa Sanyuanli, na sisi tulilala ghorofa ya juu yake. Wenzangu wakikumbuka utoto husikia ndege na ng'ombe. Mimi husikia selotepu. Kuanzia alfajiri ilichanika, kraa, kraa, vijana wakifunga marobota. Ngazi zilinuka makaratasi yaliyolowa, dekio lisiloanikwa na mafuta ya nguruwe kutoka jikoni kwa watu. Bibi yangu alipita pale amejiziba pua kwa khanga, akisema jumba zima limeoza na wapangaji wake hawajaambiwa.

Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Kigoma ili atibiwe macho. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumfanyia kazi yake. Daktari wa huku akamulika, akazima kijitochi chake, akasema kilichopotea hakirudi. Basi baba akaamua arejeshwe nyumbani, akae mkekani, apikiwe, aamkiwe. Alidhani anamtendea mema.

Sasa elewa kwamba biashara ile ilikuwa ya bibi. Aliuza jinzi sokoni Kigoma tangu baba hajajua kufunga kamba za viatu. "Niketishwe nilishwe kama jogoo anayengojea mgeni?" aliuliza. Alitaka kitu kimoja tu: aende Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, achague mzigo kwa mikono yake. Baba akampa sharti ambalo mtoto humpa mzazi akiwa na hakika kwamba halitatimizwa. Akiingia Xintang na kutoka bila kuanguka, atabaki na kazi yake. Akianguka, atapanda ndege.

Nami ndiye niliyekuwa wa kwenda naye.

Mbele ya mlango wetu aliishi jirani Mfilipino, mwanamke wa Cebu, aliyekuwa akimtunza mzee mmoja wa Kichina katika nyumba za matajiri. Kila alasiri alirudi na kukaanga samaki wakavu ambao kwao huitwa *buwad*. Harufu yake iliwafanya wapangaji watie matambara chini ya milango. Bibi aliufungua wetu hadi ukagonga ukuta, akainua pua. "Dagaa," alisema, na tangu siku hiyo walikula pamoja, huyu na wali wake, huyu na ugali wake, bila kujua hata neno moja la mwenzake. Mimi nilikaa katikati na Kiingereza changu cha shule.

Ni yeye aliyeniona nikimpeleka bibi bafuni, nimemshika kifundo cha mkono, namvuta. Alinibandua vidole. Uso wake ulikunjamana kama amekanyaga uchafu, akasema, "*Guyod*." Akanieleza kwamba kwao neno hilo, kuburuta, ni la gunia na gogo na nyati aliyefungwa kamba. Halafu akaja nyuma ya bibi akaonyesha kama anamsukuma mgongoni, akasema hiyo ni *tukmod*, na hiyo ni mbaya zaidi, maana anayesukumwa hajui hata uso wa anayemsukuma.

Nikamuuliza kwa Kiingereza, kumwongoza mtu kwao ni neno gani. Akacheka. Akauliza, mtu gani? Mwenye macho unaweza kumfanyia *giya*, ukatangulia naye akakufuata. Unaweza kumwonyesha kwa *tudlo*, yaani kidole, na akasema kwao kufundisha kunatoka kwenye kidole hicho hicho. Lakini kipofu atafanya nini na kidole chako? Yeye unampa *agak*: unamwazima mkono wako, kama mtoto anayejifunza kutembea au mzee anayeshuka ngazi, na mwendo unabaki kuwa wake. Akauchukua mkono wa bibi akauweka begani kwangu. Bibi yako ndiye mwenye *timon*, akasema, na timon ni usukani wa mashua. Wewe ni ubao wa mbele tu.

Niliyatafsiri yote hayo. Bibi akaliminya bega langu. "Mwambie nimeelewa. Na wewe, mke mwenza, kula. Bega gani hili, mfupa wa kuku?"

Tulifanya mazoezi ngazini, katikati ya marobota na vile vipande vya selotepu vilivyong'ang'ania nyayo. Jirani alisimama juu na sufuria yake mkononi. Kila nilipoharakisha alisema *hinay*, polepole. Alinikataza kumwambia bibi "twende". Nimwambie kuna nini: ngazi inashuka, mlango unafunguka kwa ndani, mtu amebeba mzigo anapita. Akishajua kuna nini, ataamua mwenyewe kama anakwenda.

Siku ya Xintang tulipanda basi, sisi wawili na baba. Nakuambia, sijawahi kuona mahali pachafu vile, na nimetembea. Kati ya karakana kulikuwa na mtaro wa maji ya kufulia jinzi, buluu nzito kama wino, yenye povu na nyuzi zinazoelea, yananuka mayai viza na dawa ya kung'arishia nguo. Bibi aliunusa mbali. Nilimwambia mtaro uko kushoto, ubao wa kuvukia uko mbele yetu, mwembamba. Akapunguza mwendo, mkono wake ukawa mwepesi begani. Tulikuwa sawa kabisa.

Baba alikuwa ametangulia. Akageuka, na kwa bahati mbaya ng'ambo ya mtaro walisimama wafanyabiashara wa kwetu, watu wazima, wanamtazama. Kwetu mwanamume hamwachi mama yake ashike bega la katoto ka kike mbele ya watu wakati mikono yake yeye iko mifukoni. Ni aibu. Kwa heshima yote akarudi, akamwondoa bibi begani kwangu, akamshika mkono kwa nguvu. "Njoo huku, Mama," akasema, akavuta.

Bibi aliingia mtaroni hadi gotini.

Baba alimtoa, khanga inachuruzika buluu, uvundo umetupanda sote kooni. Na pale pale, mbele ya wale watu, akasema kile alichokuwa amekiweka tayari. "Umeona, Mama? Sasa utarudi nyumbani."

Bibi alikamua pindo la khanga bila haraka. "Mwanangu," alisema, "aliyenitumbukiza ana macho mawili."

Mmoja wa wale wa ng'ambo alicheka, akajifanya anakohoa. Bibi akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu. "Mke mwenza, kuna nini mbele?" Nikamwambia kuna ubao. Akauvuka.

Ndani ya karakana, laobani alimwekea rundo la suruali. Bibi hakuzigusa za juu. Alizamisha mkono hadi chini, akasugua, akachomoa moja akamrushia baba. "Juu kitambaa, chini karatasi. Mwambie alete za nyuma ya pazia." Hakukuwa na haja ya kutafsiri, laobani alikwisha kuanza kucheka, akaenda nyuma ya pazia. Baba alitafuta bomba, akamketisha bibi juu ya robota, akapiga goti akamwosha mguu mwenyewe, kwa sabuni ya karakana. Wakati wa kurudi alitembea nyuma yetu.

Habari ya ndege haikutajwa tena. Bibi alibaki na kazi yake hadi alipochoka, akarudi Kigoma kwa hiari yake, akafia huko akiwa bado anatukana bei. Kucha zake zilibaki buluu kwa muda mrefu, naye aliwaonyesha wageni ingawa mwenyewe hakuziona. Jirani aliondoka kimya kimya mzee wake alipofariki. Mlango wake leo ni wa duka la vioo vya simu, na ngazini hakunuki samaki wala chochote cha kufanya mtu afungue mlango.

Na sasa mji huu umejaa waongozaji. Kila kona mtu anakuongoza, na kila anayekuongoza amekwisha kuelewana na duka atakalokufikisha. Wakongwe wenzangu wanaita hayo maendeleo. Mimi nayaita *guyod*.

Ndiyo maana asubuhi ile sikuvumilia. Nikamfikia yule mama wa Kikongo, nikamwambia yule kijana auachie mkanda, na kwa kuwa ni mimi, akauachia. Mbele yetu palikuwa na ngazi zilizolowa. Nikasogea nusu hatua mbele, nikautoa mkono wangu, nikasema, "Mama, kuna ngazi, zinateleza."

Aliutazama mkono wangu, kisha saa yangu, kisha viatu. Akaukumbatia mkoba wake kifuani.

"Huyu najua anauzisha mikoba," alisema. "Na weye, maman, unauzisha nini?"

Hakungoja nijibu. Akamrudishia kijana mkanda mwenyewe, akajikwaa ngazi ya kwanza, na wakaingia. Nami nikabaki nje, mkono umetoka hivyo hivyo, kama ubao ambao mtaro wake umefukiwa.